Umenunua nyumba: rangi ingoje

Ndugu mfanyakazi, umelipa nyumba yako na funguo ziko mfukoni. Bibi anataka saloni ya bluu, watoto wanataka kuhamia leo. Pole pole. Rangi ni kazi ya mwisho.

Anza juu. Kwetu Katanga mvua inarudi mwezi wa 10 au wa 11, inadumu mpaka mwezi wa 4. Kazi ya paa ifanyike wakati wa kiangazi. Ingia ndani mchana, funga milango na madirisha, tazama juu: unapoona mwanga, hapo maji yatapita. Gonga mbao kwa nyundo. Zikilia utupu, mchwa wamekwisha kula.

Kama si manjanja bali ni mabamba ya kijivu ya zamani, yale tunayoita eterniti, simama kwanza. Mengi yana amianti. Vumbi lake likiingia katika mapafu halitoki, na ugonjwa unaweza kuonekana baada ya miaka 20 au zaidi. Usiyakate kwa msumeno, usiyavunje, usiyasugue kwa brosi. Bamba zima uliache mahali pake. Kama ni lazima kulitoa, lilowanishe kwa maji, lifungue bila kulivunja, watoto wakiwa mbali. Tena vipande visiende kujenga nyumba ya kuku! Tumeviona katika lupango nyingi.

Kisha umeme na mifereji ya maji, mbele ya kupiga lipu. Anayepiga lipu kwanza atapasua ukuta wake mara ya pili, na simenti si bure. Zima umeme wote kule unakoingilia nyumbani, halafu mwite fundi anayeijua kazi. Ukikuta msumari mahali pa fuzibile, jua kwamba mwenye nyumba wa kwanza aliishi kwa bahati tu.

Unachimba choo kipya? Kiwe metre 30 au zaidi toka kisima, upande wa chini.

Sasa lipu, uinyunyizie maji siku saba isipasuke. Halafu chini, milango, na ile bluu ya bibi.

Neno moja kwa wenye haraka: msikaushe rangi wala lipu kwa mbabula mkilala ndani. Hewa mbaya ya makala haina harufu, nayo inaua mtu katika usingizi. Fungueni madirisha, mlale kwa ndugu siku mbili tatu.