Mtandao wa Vihisi Visivyotumia Waya Jijini Nairobi: Maarifa na Istilahi

Utangulizi
Wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Makala haya yananuia kufafanua mbiu inayopigwa na mashine, yaani mtandao wa vihisi visivyotumia waya. Kati ya Mei 2016 na Januari 2017, watafiti waliweka vipimahewa sita vya bei nafuu jijini Nairobi: katika shule nne, kituo cha jamii na makao makuu ya UNEP, Gigiri. Jaribio hilo linazua swali: vifaa vingi vya aina hiyo vikitawanywa mjini, vitasemezana vipi?

Muundo
Kila kifaa katika mtandao huu huitwa nodi. Nodi huwa na kihisi kinachopima joto, unyevu au vumbi, kichakataji kidogo, redio ya masafa mafupi, na betri. Simu ya mkononi hutegemea mnara, ilhali nodi hutegemeana zenyewe. Kila moja huupokea ujumbe wa jirani na kuupitisha mbele hadi ufike langoni, kwenye kompyuta inayouhifadhi. Nodi moja ikizimika, zilizosalia hutafuta njia nyingine. Kwa sababu hiyo, mtandao huu husemekana kuwa hujiunda wenyewe.

Majaribio
Mtandao uliofaulu maabarani huenda ukashindwa nje. Katikati ya jiji, majumba ya saruji huzuia mawimbi ya redio au kuyarudisha yalikotoka. Upande wa magharibi, kuanzia Kileleshwa hadi Kawangware, ardhi ina miinuko na mabonde ya vijito, na miti huyadhoofisha mawimbi. Hivyo basi, mjaribu huhesabu ujumbe: nodi ikituma mara 100 na lango likapokea 83, asilimia 17 imepotea, na pengine nodi ya kati inahitajika.

Jambo la pili ni betri. Nodi hulazwa muda mwingi na kuamka kwa sekunde chache tu ili kupima na kutuma. La tatu ni usahihi. Vipimavumbi vingi vya bei nafuu hutumia mwanga, na unyevu mwingi huvimbisha chembe za vumbi. Msimu wa masika vinaweza kutia chumvi. Sharti viwekwe kwanza kando ya kipimo cha kuaminika na kulinganishwa nacho.

Istilahi
Neno la Kiingereza likitoholewa kuwa “sensa”, litagongana na sensa ya kuhesabu watu. “Kihisi”, kutokana na kitenzi hisi, halina utata huo, nalo hufuata ngeli ya KI-VI bila taabu. “Mtandao”, kutokana na tandaa, tayari limezoeleka.

Hitimisho
Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 7 hukitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa chembe laini za vumbi zisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo katika saa 24. Mzazi wa Kawangware asiyeelezwa maana ya kipimo hicho kwa lugha anayoielewa hawezi kuidai haki hiyo ya mwanawe. Wanaisimu na wahandisi hawana budi kushirikiana, kwani mbiu isiyoeleweka haimwokoi mtu.