UMEUZIWA MBWA AU UMEUZIWA MARADHI?

Jamani msomaji wangu, wiki hii nianze kwa kukiri kosa. Mimi mtoto wa Moro, niliyezaliwa na kukulia Mji Mpya, niliyejiona mjanja kuliko wote, nimeingizwa mjini! Na aliyeniingiza hakutumia kisu wala bunduki. Alitumia boksi la biskuti lenye vitoto vya mbwa.

Ilikuwa hivi. Dada yangu alihamia Kihonda, nyumba mpya, ukuta haujaisha. Wiki ya pili tu wezi wakapita na ndoo, sufuria na betri ya pikipiki ya shemeji. Mimi kama mjomba wa watoto nikajitosa: "Dada tulia, mlinzi nakuletea mimi."

Kando ya barabara nikamkuta mshikaji mmoja na boksi lake, ndani vitoto vinne vimelaliana. Akaniambia ni Jemani, damu safi. Nikamuuliza mbona masikio yamelala? Akacheka: "Yatasimama tu mzee, ngoja akue." Nikahesabu laki na nusu, nikaondoka na mbwa mkononi. Sikupewa hata kipande cha karatasi.

Siku ya tatu mbwa akakataa chakula. Siku ya nne akaanza kutapika na kuharisha damu, harufu yake we acha tu. Siku ya tano akafa, na mpwa wangu wa miaka sita yuko pembeni anamwita, "Simba! Simba!"

Ungedhani yameishia hapo. Kumbe walipokuwa wakicheza, Simba alimng'ata mtoto kidoleni, damu ikatoka. Hospitali daktari akauliza: mbwa amechanjwa? Ametoka wapi? Mama yake yuko wapi? Sikuwa na jibu hata moja. Napiga simu ya yule mshikaji, haipatikani. Mtoto ikabidi aanze sindano za kichaa cha mbwa, na dada akaninunia wiki nzima. Alipofungua mdomo alisema neno moja tu: "Mdogo wangu, uliniletea mlinzi au uliniletea msiba?"

KILICHOMUUA SIMBA

Nilimfuata daktari wa mifugo nikamsimulia. Akasema dalili zile ni za parvo, ugonjwa wa virusi ulioenea duniani tangu mwaka 1978, unaoshambulia utumbo na kumaliza watoto wa mbwa kwa siku chache. Chanjo yake ipo. Kitoto huanza kuchanjwa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha anarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Simba hakupata hata moja.

Tena usikimbilie kununua mwingine kesho yake. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo na banda kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haviisikii. Jiki ndiyo huviua, na kitoto kipya asiingie hapo kabla hajakamilisha chanjo zake.

Kichaa cha mbwa ndiyo baba wa balaa. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa huambukizwa na mbwa. Kwa hiyo ukiumwa, hata na kitoto, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Mambo ya kupaka majivu au kusubiri "tuone itakuwaje" achana nayo. Na usidhani ugonjwa huu haushindiki. Kule Pemba chanjo ya mbwa iliufuta mwaka 2014, ukarudi 2016, wakachanja tena ukaondoka mwaka 2018. Siri ni kuwachanja mbwa wengi, angalau 70 katika kila 100, na kutochoka.

MBUZI KWENYE GUNIA, MBWA KWENYE BOKSI

Wahenga walishatuonya tusinunue mbuzi kwenye gunia. Basi na mbwa usimnunue kwenye boksi. Nimeuliza wajuzi, nimetembea kwa miguu, na haya ndiyo maswali ambayo ningeyajua mapema Simba asingekufa mikononi mwangu.

Kwanza, mama yuko wapi? Mzalishaji wa haki atakupeleka bandani ukamwone mama na watoto wake. Angalia kama mama amenawiri au mbavu zinahesabika. Angalia kama anakubali kushikwa au anatetemeka akiona mtu. Ukiambiwa "mama yuko kwa bosi Dar", geuza njia.

Pili, ana wiki ngapi? Chini ya wiki nane bado ni mtoto wa ziwa, tena hapo ndipo anapojifunza kwa mama na ndugu zake asing'ate kwa nguvu. Simba wangu nadhani hakufika hata wiki tano.

Tatu, kadi iko wapi? Kadi ya kweli ina tarehe, jina la chanjo, sahihi na mhuri wa daktari. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu, halafu anarudiwa kila mwaka. Kwa hiyo ukioneshwa kitoto cha mwezi mmoja eti "keshamaliza chanjo zote", hapo unazugwa.

Nne, baba ni nani? Sisi huku Uluguruni ukoo tunahesabu kwa mama, lakini kwa mbwa hesabu pande zote mbili. Kuna watu wanapandisha kaka na dada, au baba na bintiye, kisa dume la kuazima ni ghali. Matokeo yake ni watoto dhaifu na magonjwa ya kurithi. Jemani hasa, mbwa ambaye Mjerumani Max von Stephanitz alianza kumuandikisha rasmi mwaka 1899, anajulikana kwa ubovu wa nyonga. Anakua vizuri, halafu miguu ya nyuma inaanza kuburuta. Mzalishaji makini hupiga picha za eksirei za wazazi kabla ya kuwapandisha.

Tano, mama anazaa mara ngapi? Jike huingia joto karibu mara mbili kwa mwaka na mimba yake huchukua siku kama 63. Mwenye tamaa humpandisha kila joto, hata lile la kwanza ambalo jike mwenyewe bado mtoto. Huyo amegeuza mbwa kuwa mashine ya kufyatua matofali. Na sheria ipo! Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama.

Na hayo masikio? Masikio ya Jemani huanza kusimama kati ya miezi mitatu na mitano hivi, kwa hiyo kitoto mwenye masikio yaliyolala anaweza kuwa Jemani na anaweza kuwa yeyote. Wauzaji wanajua hilo. Ndiyo maana nasema tazama wazazi, achana na masikio.

SISI WA MORO HATUNA KISINGIZIO

Mji wetu huu ndio wenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kinachofundisha madaktari wa mifugo tangu mwaka 1984 kilipoanzishwa, na hospitali ya wanyama ipo palepale. Tunao hata panyabuku wa APOPO wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapahapa Moro, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Panya wale huzoeshwa watu, sauti na harufu tangu wachanga. Sasa kama panya anapewa malezi hayo, itakuwaje mlinzi wa nyumba yako alelewe ndani ya boksi, juani?

Halafu, ni lazima awe Jemani? Mbwa wetu wa kienyeji, huyu tunayemwita koko kwa dharau, akichanjwa, akashiba na kulelewa vizuri, analinda vilevile, na hali kama tajiri. Mhasi, asije akakujazia mtaa watoto wasio na mwenyewe. Na mbwa wa aina yoyote mweke ndani ya uzio wako. Jirani anayekwenda msikitini na udhu wake asilazimike kukimbia kwa sababu yako.

BIBI ALINIKATALIA

Mwezi uliopita nilipanda Bigwa kwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, anayezalisha mbwa wachache. Nilikwenda na hela mfukoni, nikajua leo ndiyo leo. Bibi akanikaribisha chai, akaanza: "Mjukuu wangu, uzio umekamilika? Mchana nani anabaki nyumbani? Atakula nini mwisho wa mwezi? Kuna mtoto mdogo? Ukishindwa kumlea, utanirudishia au utamtupa Msamvu?"

Nikajibu ukweli, ukuta bado. Bibi akanirudishia hela yangu taratibu: "Maliza ukuta kwanza. Mbwa jike wangu hazai tena mpaka mwakani, nimempumzisha. Jina lako nimeliandika."

Nilitoka nimenuna, nasema bibi huyu ana maringo gani. Nilipofika Kihonda nikamsimulia dada. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Simba afe, akasema: "Huyo ndiye muuzaji."

Mpwa wangu kamaliza sindano zake, mzima kabisa. Ukuta tumebakiza kozi nne. Wewe msomaji, ukipita barabarani ukaona boksi, macho yale madogo yanakutazama, najua moyo utayeyuka. Usitoe hela. Muulize kwanza, mama yuko wapi? Akibabaika, endelea na safari yako.

Tukutane wiki ijayo!