Ni inzi gani huyo? Picha ya mdudu na afya ya nyumba yako



Mzee mmoja mrina asali alifikishwa zahanati na mjukuu wake. Alikuwa na homa kwa siku kumi, kichwa kikimgonga usiku na mchana. Alikwisha kumeza dawa za malaria mara mbili, bila kupimwa. Mganga alipompima, malaria haikuonekana. Walikuwa karibu kurudishwa nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu, ndipo kijana akatoa simu yake mfukoni.

"Shikamoo tena, mganga. Naomba utazame. Inzi huyu ndiye aliyemuuma babu kule porini."

Picha yenyewe haikuwa nzuri. Mdudu alikuwa ametua kwenye shati la bluu, na nusu ya picha ilikuwa ukungu mtupu. Hata hivyo jambo moja lilionekana wazi: mabawa yake yalikuwa yamelaliana moja juu ya jingine kama makasi yaliyofungwa. Mganga akamwomba mzee ageuke, akafunua ukosi wa shati. Shingoni palikuwa na uvimbe mwekundu wenye kidonda katikati. Siku hiyo hiyo mzee akapelekwa hospitali. Damu yake ikatazamwa kwa hadubini, na vijidudu vya malale vikaonekana. Mzee alitibiwa, akapona.

Siku hizi simu zenye kamera zimefika hata vijijini, na watu wengi hupiga picha za wadudu na kuuliza, "Huyu ni nani? Ana madhara?" Swali hilo ni jema. Mwezi huu tutazame namna ya kumtambua mdudu kwa picha, na pia mahali ambapo picha haiwezi kutufikisha.

SWALI LA ZAMANI

Kitabu cha Kutoka, sura ya 8, kinatusimulia pigo la mainzi lililoipata Misri. Neno la Kiebrania lililotumika hapo limewasumbua wataalamu kwa karne nyingi. Wafasiri wa kale walioitafsiri Biblia kwa Kiyunani waliandika "inzi wa mbwa", na walimu wengine wa Kiyahudi walidhani ni mchanganyiko wa wanyama wa mwituni. Hakuna aliyetuachia picha! Sisi wa leo tunayo nafasi hiyo, basi yatupasa kuitumia kwa akili.

ANZA KWA KUHESABU

Kabla ya kutafuta jina, hesabu miguu na mabawa. Mdudu kamili ana miguu sita. Akiwa na minane, huyo ni wa jamii ya kupe, papasi au buibui. Jambo hili si dogo, kwa maana papasi hueneza homa ya papasi, ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria.

Kisha tazama mabawa. Inzi wote wa kweli, pamoja na mbu na usubi, wana mabawa mawili tu. Nyuki na nyigu wana manne. Wapo inzi wasio na madhara waliovaa mistari ya njano na nyeusi kama nyuki, na watu huwakimbia bure. Ukiona mabawa mawili, macho makubwa yaliyojaa kichwa na vipapasio vifupi mno, huyo ni inzi aliyejifananisha na nyuki, wala hana mwiba.

WANAOFANANA NA WASIOFANANA

1. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Ana urefu wa milimita 6 hadi 14, rangi ya kahawia au kijivu. Akitulia, mabawa hulaliana kabisa kama makasi na kupita kidogo ncha ya tumbo. Mkonga wake wa kunyonyea damu huelekea mbele. Picha ikiwa safi sana, katikati ya bawa utaona umbo kama la shoka. Huyu ndiye aenezaye malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo.

2. Inzi wa zizini. Huyu ndiye anayewadanganya wengi. Ni mdogo, kiasi cha inzi wa nyumbani, naye pia huuma na ana mkonga ulioelekea mbele. Lakini mabawa yake hukaa yameachana, hayalaliani. Huwasumbua sana ng'ombe na mbwa, na huwauma watu miguuni, ila haenezi malale kwa binadamu.

3. Inzi wa nyumbani na inzi wa uso. Hawa hawaumi. Mdomo wao ni kama sifongo, hulamba tu. Madhara yao yako miguuni na mdomoni, kwani hutoka chooni wakaja kwenye chakula. Inzi wa uso hufuata majimaji ya macho ya watoto na kusaidia kueneza vikope, ugonjwa uletao upofu. Hapa picha haina kazi kubwa. Uso wa mtoto unaooshwa na choo chenye mfuniko ndiyo dawa.

4. Usubi. Ni inzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibyongo, akaaye karibu na mito yenye maji ya kasi. Hueneza ugonjwa wa usubi, yaani upofu wa mtoni. Wenzetu wa Mahenge na bonde la Ulanga wanamfahamu vizuri.

5. "Inzi wa Nairobi". Jina linatudanganya, kwani huyu si inzi hata kidogo. Ni mbawakawa mwembamba, wa urefu wa sentimita moja hivi au pungufu. Kichwa ni cheusi, kifua chekundu cha machungwa, katikati bluu au kijani inayong'aa, tumbo jekundu, na ncha nyeusi. Haumi wala hachomi. Sumu iko ndani ya mwili wake, nawe ukimponda juu ya ngozi, baada ya siku moja au mbili ngozi hubabuka kama iliyounguzwa na moto. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta wadudu hawa kwa wingi sana Afrika Mashariki. Ukimwona juu ya ngozi, mpulize aondoke, kisha osha mahali hapo kwa maji na sabuni. Usijiguse machoni.

6. Buu la ndani ya ngozi. Mara nyingine akina mama huonyesha picha ya jipu lenye tundu dogo katikati, na mtoto husema anahisi kitu kikichezacheza ndani. Yupo inzi wa rangi ya kahawia na njano atagaye mayai juu ya mchanga wenye mkojo, au juu ya nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Buu likitoka kwenye yai huingia kwenye ngozi na kukua humo kwa siku nane hadi kumi na mbili. Hilo si jipu la kawaida, na wala si funza wa miguuni. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya tundu ili buu likose hewa, nalo litajitokeza. Usilikamue kwa nguvu likapasukia ndani. Kinga yake ni kuanika nguo juani na kuzipiga pasi pande zote, nepi za mtoto hasa.

7. Mbu. Mtazame akiwa ametua ukutani. Mbu wa malaria, yaani Anofelesi, huinua sehemu ya nyuma ya mwili, akawa kama msumari uliopigwa upande. Kuleksi, aenezaye matende na mabusha, hukaa sambamba na ukuta. Mbu mweusi mwenye pete nyeupe miguuni, aumaye mchana, ni Edesi, mwenezaji wa homa ya dengue.

NAMNA YA KUPIGA PICHA INAYOFAA

Picha nyingi hazisaidii kwa sababu mdudu ni nukta nyeusi tu. Fuata haya:

(a) Usimponde. Mfunike kwa glasi au chupa safi. Ukiwa na jokofu, mweke humo dakika chache atulie.

(b) Mweke juu ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa mchana, lakini si jua kali.

(c) Weka rula au sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane.

(d) Piga picha tatu au nne: ya juu, ya ubavuni, ya usoni, na moja ya mabawa yakiwa yametulia. Sogea karibu kadiri simu inavyoweza kuona vizuri, na utulize mkono.

(e) Andika tarehe, saa, mahali, na alichokuwa akifanya. Alimuuma mtu? Alikuwa juu ya ng'ombe? Alitoka majini? Maelezo haya yana thamani sawa na picha yenyewe.

(f) Kama unapiga picha ya kidonda cha mtu, omba ruhusa yake kwanza, na usionyeshe uso wake wala usiisambaze. Mwili wa mgonjwa una heshima yake.

PICHA ZA WATU WA KAWAIDA ZIMESAIDIA

Mwaka 2018, huko Asturias nchini Hispania, mtu wa kawaida alituma picha ya mbu kwa wataalamu. Walipoitazama wakashuku, wakaenda kuchunguza, na wakakuta aina ya mbu kutoka Asia ambaye hakuwa amewahi kuonekana nchini humo. Mwaka 2020, mjini Toamasina, Madagascar, picha ya kiluwiluwi aliyepatikana ndani ya tairi iliwafanya wataalamu washuku kuwa ni Anofelesi stefensi, mbu wa malaria atokaye Asia.

Mbu huyo anatuhusu. Alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na Kenya, upande wa Marsabit, mwaka 2022. Tofauti na mbu wetu wa malaria waliozoea madimbwi, yeye hustawi mijini, katika mapipa na matangi ya maji. Kwa hiyo ukiona viluwiluwi ndani ya pipa lako, usiseme "hao si wa malaria." Funika pipa, na kama unaweza, piga picha umpelekee bwana afya wa kata yako.

PICHA ISIPOTOSHA

Zipo programu za simu zinazokisia jina la mdudu mara tu uionyeshapo picha. Zinasaidia, lakini hukisia tu, na picha mbaya huleta jibu baya. Isitoshe, wapo wadudu ambao hata mtaalamu hawezi kuwatofautisha kwa macho. Anofelesi gambie na Anofelesi arabiensi, mbu wakuu wa malaria katika nchi zetu, hufanana hata chini ya hadubini. Hutenganishwa kwa vipimo vya maabara tu.

Tena picha haiwezi kukuambia kama mdudu amebeba ugonjwa. Mbung'o wengi hawana vijidudu vya malale. Kuumwa naye si sababu ya kujiona umekwisha kufa. Hali kadhalika, picha ya inzi asiye na hatia isikufanye ukae nyumbani na homa. Anayepimwa ni mgonjwa, wala si picha.

Malale ya upande wetu wa Afrika huenda kasi, na yasipotibiwa huua ndani ya miezi. Dalili zake huanza na homa, maumivu ya kichwa na viungo, na mara nyingine kidonda mahali palipoumwa. Baadaye hufuata kuchanganyikiwa na kusinzia mchana. Ugonjwa huu huwapata warina asali, wawindaji na wachungaji, lakini hauchagui. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea mbuga za Serengeti na Tarangire waliugua. Zamani tiba ilikuwa sindano kali zenye hatari. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoruhusu vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina hii, chini ya uangalizi wa daktari. Basi, ukiwa umetoka porini na una homa, mwambie mganga: "Nilikuwa porini, niliumwa na inzi." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha, hata bila picha.

Tusikate tamaa pia. Kisiwani Unguja mbung'o walimalizwa kabisa katika miaka ya 1990. Madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi waliachiwa kwa wingi, majike wakapandwa bila kuzaa, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena mbung'o. Kazi hiyo ilianza kwa kumjua mdudu mmoja vizuri, kwa jina lake na tabia zake.

Kwa kifupi: hesabu miguu na mabawa, tazama mabawa yanavyolala, piga picha safi, andika mahali na tarehe, kisha nenda kapimwe. Yule mzee mrina asali amerudi kwenye mizinga yake. Sasa huvaa nguo za rangi ya khaki, maana mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Shati lile la bluu amempa mjukuu, avae Dominika kanisani.