Pistoni Hununuliwa Baada ya Silinda Kupimwa

Atokaye katikati ya Nairobi kwa matatu ya namba 46 hufika Kawangware, mahali ambapo wenyeji wamekwisha pazoea kupaita kwa namba hiyo hiyo. Hapo ndipo akaapo kaka yangu, na hapo ndipo alipoingia hasara ambayo nataka kuwaeleza wasomaji, maana wengi wana magari makuukuu na wengine wanafikiri kuyanunua.

Kaka yangu ana Toyota Corolla ya aina ya AE110 aitumiayo kuchukulia abiria. Ndilo jembe lake, na karo ya watoto hutoka humo. Mwaka 2022 gari lilianza kutoa moshi wa buluu na kunywa mafuta ya injini. Fundi akalisikiliza, akamwambia, "Nunua pistoni na ringi mpya." Basi kaka akakopa katika chama cha akiba na mikopo, nami nikatia sahihi kuwa mdhamini wake. Pistoni zikanunuliwa za kipimo cha kiwandani, zikafungwa. Mwezi haukuisha, injini ikawa inagonga kila asubuhi ikiwa baridi, na ule moshi ukarudi. Ilipofunguliwa, ringi ya juu katika silinda ya tatu ilikutwa imevunjika vipande.

Mimi ni karani, wala sikuwahi kushika spana. Lakini jina langu lilikuwa katika karatasi ya mkopo, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kuchonga silinda. Nilimwamkia, nikamweka mezani zile pistoni. Hakuzitazama. Aliniuliza, "Bwana karani, silinda ilipimwa?" Nikamjibu, "Sijui, Mzee." Akacheka, kisha akanifundisha.

Silinda haiiliki sawasawa. Hulika zaidi upande wa juu, mahali ringi ya kwanza inapogeuka, kwa kuwa pana joto kali na mafuta machache; tena hulika zaidi upande ule ambao pistoni husukumwa. Hivyo tundu lililokuwa duara huwa kama yai, na juu huwa pana kuliko chini. Ukingo mdogo hubaki pale juu, ambapo ringi haifiki. Pistoni mpya ikitiwa humo hucheza na kugonga, na ringi mpya hugonga ule ukingo hata ikavunjika. Ndiyo yaliyompata kaka yangu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima kila silinda mahali patatu, juu, kati na chini, na kila mahali mara mbili kwa kukingamisha. Injini ya 5A-FE, iliyomo katika magari mengi ya aina hiyo, ina silinda za upana wa milimita 78.7. Zikiwa zimelika kupita kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha injini, huchongwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi, ambazo mafundi huziita ovasaizi. Kwa mfano zilizozidi kwa milimita 0.50.

Hata hapo silinda isichongwe kabla pistoni hazijafika mkononi. Mzee alishika maikromita akapima pistoni kwenye sketi yake, kwa kukingama na pini, akanionyesha ya kuwa ukipima mahali pengine namba hubadilika, kwani pistoni yenyewe si duara kamili. Imetengenezwa hivyo makusudi ili ikipata joto itanuke vizuri. Kila silinda huchongwa kwa kufuata pistoni yake, kisha zote mbili hutiwa namba moja. Nafasi iachwayo kati yao hukaribia unene wa unywele.

Katika kuchagua, zipo pistoni za aluminiamu iliyomiminwa kalibuni, na zipo za kufuliwa, kama zile za Wiseco na JE za Marekani. Za kufuliwa ni ngumu kuvunjika, zafaa magari ya mashindano. Lakini nyingi hutanuka zaidi, zahitaji nafasi kubwa, na hugonga kidogo injini ikiwa baridi. Kwa teksi ya Kawangware ni fahari tu. Za kumiminwa za kiwanda kinachoaminika, kama vile Mahle cha Ujerumani au Art cha Japani, zatosha kabisa. Shaka iliyopo ni juu ya bandia. Kenya ina sheria ya kuzizuia tangu mwaka 2008, lakini sheria haisimami dukani pamoja nawe. Weka mpya kando ya ile ya zamani: tazama kimo kutoka pini hadi kichwani, upana wa pini, na mashimo ya valvu. Kisha zipime zote nne kwa mizani. Zisipitane ila kwa gramu chache.

Wengine hupenda pistoni za kichwa kirefu ili injini iwe na nguvu. Nairobi iko juu sana, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu ya tano. Injini kama hiyo yaweza kwenda vizuri hapa, ikaja kugonga vibaya Mombasa.

Baada ya kuchongwa, silinda huoshwa kwa maji moto na sabuni, si kwa petroli, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kisha hupakwa mafuta mara moja. Ringi husukumwa peke yake ndani ya silinda, na pengo lake hupimwa kwa fila geji. Kwa injini ya kawaida ringi ya juu hupewa kama sehemu 4 kwa kila 1,000 za upana wa silinda. Kwetu ilikuwa karibu milimita 0.32. Pengo likiwa dogo huongezwa kwa tupa, taratibu, kutoka nje kwenda ndani. Mapengo yasipangwe mstari mmoja, na alama ya pistoni ielekee mbele, upande wa mkanda. Pini isiyoingia kwa mkono hupelekwa kwenye mashine, nyundo hapana.

Kaka alikwenda kilomita 500 za kwanza bila kulikimbiza gari, akabadilisha mafuta. Moshi haujarudi. Mkopo wa kwanza ulikwisha kulipwa. Wa pili, wa pistoni hizi, tuliumaliza mwaka uliofuata.