Steroidi Kabla ya Sampuli: Tatizo la Utambuzi na Tiba ya Limfoma ya Msingi ya Ubongo

Limfoma ya msingi ya ubongo ni saratani ya seli nyeupe za damu inayoota ndani ya ubongo, uti wa mgongo, jicho au utando unaoufunika ubongo, bila kuonekana kwingine mwilini. Takriban asilimia 90 ya visa vyake huanzia katika seli B kubwa. Dalili hazina upekee: mgonjwa hubadilika tabia, husahau, au hupooza upande mmoja.

Ugumu haumo katika kuuona uvimbe bali katika kuuthibitisha. Picha ya MRI huonyesha doa, aghalabu karibu na vyumba vya maji ya ubongo. Daktari anayekabiliwa na ubongo uliovimba huandika deksamethasoni, na kwa aina nyingi za uvimbe wa ubongo hatua hiyo haina lawama. Kwa limfoma, hata hivyo, dawa hiyo huua seli zenyewe za saratani. Doa huweza kufifia ndani ya siku chache, mgonjwa akazungumza, ndugu wakashukuru. Na sampuli ikichukuliwa wakati huo, mwanapatholojia huweza kukuta tishu iliyokufa na uchochezi tu. Nafuu hiyo kwa kawaida haidumu. Kwa hiyo, limfoma inaposhukiwa na shinikizo ndani ya fuvu halitishii uhai, steroidi husubiri hadi sampuli ichukuliwe kwa sindano inayoongozwa na picha. Kuukata uvimbe wote si lengo, maana seli huwa zimesambaa kupita mipaka inayoonekana.

Kwa anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, toksoplasmosi hufanana na limfoma katika picha. Desturi ya kutoa dawa za toksoplasmosi kwa takriban majuma mawili na kurudia picha ni ya busara, hasa pale upasuaji wa ubongo usipopatikana kwa urahisi. Jaribio hilo hupoteza maana likiambatana na steroidi, kwani doa likipungua haitajulikana ni dawa ipi iliyolipunguza. DNA ya virusi vya Epstein-Barr ikipatikana katika maji ya uti wa mgongo, shaka ya limfoma huongezeka.

Msingi wa tiba ni methotreksati ya mshipa kwa dozi kubwa, aghalabu gramu 3 au zaidi kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, ili ipenye kizuizi kilichopo baina ya damu na ubongo. Dozi hiyo hudai figo zenye afya, maji mengi, asidi foliniki ya kuziokoa seli nzima, na maabara ya kupima kiwango cha dawa katika damu. Pasipo maabara hiyo, tiba yenyewe huwa hatari. Katika jaribio la IELSG32, lililochapishwa 2016 likiwa na wagonjwa 227, methotreksati na sitarabini ziliufuta ugonjwa kabisa kwa asilimia 23. Rituksimabu ilipoongezwa, 30. Na thiotepa juu yake, 49. Waliozidi miaka 70 hawakuhusishwa, ingawa ugonjwa huu huwapata wazee wengi. Mionzi ya ubongo mzima nayo huharibu kumbukumbu, hasa kwa waliovuka miaka 60.