Hela ya Mjerumani Iliyo Sandukuni

Mara moja moja hupita vijijini mtu mgeni mwenye mkoba begani. Haulizi mahindi, wala maharagwe, wala ngozi. Aulizia vitu vya kale: kigoda cha babu, mkuki wa zamani, na hasa "hela ya Mjerumani". Hukaribishwa uani, hupewa kiti na maji ya kunywa, kwani twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi huingia chumbani, hufungua sanduku, hufungua na fundo la kitambaa, akatoa visarafu vitatu vinne vilivyoachwa na marehemu mumewe. Mgeni huvitazama upesi upesi na kusema, "Hivi havina kazi tena, Bibi, lakini nitakupa elfu mbili ya sukari." Bibi hushukuru. Mgeni huenda zake, na pengine huenda na mali.

Pengine, nasema. Maana si kila hela ya Mjerumani ni mali, na yafaa watu wa Nyamigogo na wa Biharamulo nzima, na majirani zetu wa Ngara, wajue ipi ni ipi kabla ya kufungua fundo.

Wadachi, kama walivyoitwa na wazee, walitumia kwanza rupia iliyogawanyika kwa pesa 64. Mwaka 1904 waliacha hesabu hiyo, wakaweka heller 100 kwa rupia moja. Hapo ndipo lugha yetu ilipopata neno hela, nalo limeishi kuliko serikali iliyolileta. Sarafu hizo zilifika mpaka vijijini kwa sababu moja kubwa: kodi. Nyumba ya kijijini ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka, na karani hakupokea maneno. Mtu alibeba mizigo au alikwenda shambani kwa mzungu ili apate rupia, na iliyobaki aliificha. Ndiyo maana hata leo jembe huifukua moja hapa na nyingine pale.

Rupia yenyewe ni ya fedha, nzito, gramu 11 na zaidi kidogo. Ina kichwa cha Kaisari Wilhelm II mwenye kofia ya chuma iliyokaliwa na tai. Rupia moja ya kawaida ina bei yake, walau ya fedha iliyomo, lakini haimtajirishi mtu. Iliyo adimu ni ile kubwa ya rupia 2, ya miaka 1893 na 1894, kwa kuwa ilipigwa kwa uchache.

Sasa tufike kwa tembo.

Vita kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga bahari. Fedha ya sarafu haikuweza tena kutoka Ujerumani, na rupia zilizokuwamo nchini zilipotelea mifukoni na ardhini, maana wakati wa vita kila mtu huficha. Serikali ikachapa noti za dharura hapa hapa nchini, lakini watu hawakuzipenda. Nani auze ng'ombe wake kwa kipande cha karatasi, naye asikia mizinga? Basi mwaka 1916 Wadachi walianza kupiga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli huko Tabora. Maganda ya risasi za mizinga na vyuma vikuukuu viliyeyushwa, zikatoka hela za shaba ya njano na nyekundu, za heller 5 na heller 20, zenye taji, mwaka 1916 na herufi T. Za heller 20 zilipigwa kwa wingi sana. Si ajabu ukikuta moja nyumbani kwako.

Kisha wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Iramba, wakapiga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja ina tai wa Ujerumani. Upande wa pili ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na chini yake mwaka 1916 na T. Ilipigwa kwa miezi michache tu. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Biharamulo yetu mwezi Juni mwaka huo, yakashuka kusini, na tarehe 19 Septemba yakaitwaa Tabora. Jumla ya tembo waliotoka ni 16,198. Hao ndio wote, na hawataongezeka.

Sarafu hiyo leo huuzwa katika minada ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola. Wakusanyaji wa sarafu huitafuta kwa sababu ya uchache wake, kwa sababu ya uzuri wa tembo, na kwa sababu ya hadithi yake, kwani serikali iliyozingirwa kupiga dhahabu katika karakana ya gari moshi si jambo la kila siku. Kwao, kuipata kwa bei ya sukari ni ndoto. Ndoto ya mmoja na hasara ya mwingine hupatana katika ua ule ule, juu ya kitambaa kile kile.

Hapa Biharamulo tuna hatari ya pili, nayo yatoka katika ujuzi wetu wenyewe. Hii ni nchi ya dhahabu. Tulawaka ulianza kuchimbwa kwa mitambo mwaka 2005, STAMICO wakauchukua mwaka 2013, na wachimbaji wadogo wako huku na huku na mizani zao. Mtu akiokota tembo, wazo la kwanza ni kumpelekea mnunuzi wa dhahabu. Huyu ataiweka mizanini: gramu 7.168, dhahabu ya karati 18, yaani dhahabu safi gramu 5 na kidogo. Atalipa uzito huo, tena baada ya kupunguza chake, kisha ataitia motoni. Hakumwibia mtu. Lakini kitu kilichokuwa na bei ya mara kadhaa kimekuwa tone la dhahabu kama matone mengine, na idadi ya tembo duniani imepungua kwa mmoja.

Je, yule mgeni wa mkoba amekosa? Kununua kwa bei nafuu si kosa. Mtu akikuta mnadani kitu ambacho mwenye duka hakukitazama vizuri, na afurahi. Mwenye duka naye ni mfanyabiashara, kazi yake ni kutazama. Lakini anayemjua tembo, kisha akamwambia mjane "hiki hakina kazi", huyo amesema uongo ili apate mali ya mwenzake. Kwa hilo hatuhitaji kumwuliza padre.

Tena wapo matapeli wa upande wa pili. Hawa huja na rupia ya bandia, wakidai kwamba ina nguvu za ajabu na kwamba kuna tajiri anayeitafuta kwa mamilioni. Weka kwanza laki chache, ndugu, tugawane faida. Wengi wameuza mbuzi, na wengine kiwanja, kwa ajili ya tajiri huyo asiyefika kamwe. Njia moja ya kupima ni rahisi: fedha na dhahabu havinaswi na sumaku. Rupia inayorukia sumaku ni chuma kilichopakwa rangi. Na mtu asikushawishi kwenda na sururu usiku kwenye boma la kale la Wajerumani, wala makaburini, kutafuta hazina. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba vitu vya kale bila kibali, na mifupa ya wafu haina rupia.

Aliye na sarafu asiisugue. Akina mama wetu ni hodari wa usafi, na wakiona kitu cheusi mkono huenda kwenye majivu au mchanga. Lakini mkusanyaji huitaka sarafu na weusi wake. Ikisuguliwa hubaki na mikwaruzo, na bei hushuka. Kadhalika ile iliyotobolewa iwe kidani cha mtoto. Ifungwe katika karatasi safi, ipigwe picha pande zote mbili, picha ionyeshwe kwa watu wawili watatu wanaojua, walimu wa historia au watu wa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kabla ya kutaja bei. Na wana wa nyumba hiyo waambiwe kwamba ipo. Sarafu iliyouzwa kimya kimya na ndugu mmoja huweza kuvunja udugu kuliko shamba.

Lakini iliyo nyingi katika masanduku yetu ni ile hela moja ya shaba nyekundu, iliyopigwa kati ya miaka 1904 na 1913, mamilioni kwa mamilioni. Iliyochakaa haifiki bei ya kuku. Mgeni akikupa elfu mbili kwa hiyo moja, hajakupunja sana. Uliza tu kwanza kama hana haja na zile nyingine zilizo katika fundo.