Dakika 15 za Doug Williams zilizofunga midomo Marekani

KATIKA soka la Marekani kuna nafasi moja inayoamua karibu kila kitu uwanjani. Inaitwa kwotabeki. Huyu ndiye anayepokea mpango wa kocha, anawapanga wenzake, anasoma mabeki wa upande wa pili wamekaaje, kisha ndani ya sekunde chache anaamua mpira uende wapi. Shabiki wa soka la kawaida amchukue kiungo mchezeshaji, amvalishe kitambaa cha unahodha, halafu amwongezee nusu ya kazi ya kocha msaidizi. Hapo atakuwa amempata.

Kwa miaka mingi nafasi hiyo kwenye NFL ilikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: sio ya mtu mweusi. Kijana mweusi anaweza kuwa kwotabeki hatari chuoni, lakini akifika kwa wakubwa anaambiwa akakimbie pembeni kupokea pasi, au arudi nyuma kukaba. Hoja ilikuwa inasemwa chinichini, na mara nyingine wazi kabisa: miguu wanayo, mikono wanayo, ila kichwa cha kuongoza timu hawana.

Mtu aliyeizika hoja hiyo mbele ya mamilioni ya watazamaji ni Doug Williams. Aliizika Januari 31, 1988 mjini San Diego, akiwa na goti lililoumia, jino lililotibiwa siku moja kabla, na rekodi ya msimu ambayo haikumpa mpinzani yeyote sababu ya kumwogopa.

KIJANA WA EDDIE ROBINSON

Williams alizaliwa Agosti 9, 1955 katika mji mdogo wa Zachary, jimbo la Louisiana. Huko Kusini wakati ule weupe na weusi walikuwa wanatenganishwa kuanzia shuleni hadi kwenye basi. Akaenda kucheza Chuo Kikuu cha Grambling State, chuo cha Wamarekani Weusi, chini ya kocha Eddie Robinson.

Robinson sio jina dogo. Aliifundisha Grambling kuanzia mwaka 1941 hadi 1997 na kushinda mechi 408. Alikuwa ameshapeleka wachezaji kibao NFL, lakini kuna jambo moja lilikuwa linamkaa rohoni: kutoa makwotabeki watakaoaminiwa na wakubwa. Kabla ya Williams alikuwa amemtoa James Harris, aliyeingia Buffalo Bills mwaka 1969.

Mwaka 1977 Williams aliwaka kiasi kwamba alimaliza wa nne kwenye kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Hilo kwa mchezaji wa chuo kama Grambling lilikuwa jambo zito. Mwaka uliofuata, timu za NFL zilipokaa kuchagua wachezaji wapya, Tampa Bay Buccaneers walimchukua katika raundi ya kwanza, akiwa wa 17. Hakuna kwotabeki mweusi aliyekuwa amechukuliwa raundi ya kwanza na timu ya NFL kabla yake.

Ili kujua uzito wa jambo hilo, mtazame Warren Moon. Mwaka huohuo wa 1978 Moon alitoka kuiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl, moja ya mechi kubwa za vyuo. Hakuna timu ya NFL iliyomchagua. Sio raundi ya kwanza, sio ya mwisho. Akavuka mpaka kwenda Canada, akabeba ubingwa wa huko mara 5 mfululizo na Edmonton kabla NFL haijamkumbuka. Leo yuko kwenye ukumbi wa magwiji wa NFL.

TIMU MBOVU, MSHAHARA MBOVU

Tampa aliyoikuta Williams ilikuwa kichekesho cha ligi. Ilianzishwa mwaka 1976 na ikapoteza mechi 26 za kwanza za uhai wake. Ndani ya misimu miwili tangu atue, timu hiyohiyo ilikuwa mechi moja tu kabla ya Super Bowl. Msimu wa 1979 ilifika fainali ya ukanda wa NFC na kufungwa na Los Angeles Rams 9-0. Ikarudi tena hatua ya mtoano mwaka 1981 na 1982. Misimu mitano ya Williams, mitoano mitatu.

Tatizo lilikuwa kwenye bahasha. Williams alikuwa analipwa Dola 120,000 kwa mwaka, chini ya makwotabeki wote wa kikosi cha kwanza kwenye ligi. Kulikuwa na watu wanaokula benchi timu nyingine wakilipwa kuliko yeye. Mkataba ulipoisha aliomba Dola 600,000. Mmiliki wa timu, Hugh Culverhouse, akagoma kuvuka Dola 400,000. Williams akaona huo sio ubishi wa pesa tu, ni kipimo cha anavyoheshimiwa. Akafunga begi.

Kipindi hichohicho maisha yalimpiga pigo ambalo hakuna mkataba unaoweza kulifidia. Aprili 1983 mkewe, Janice, alifariki dunia kwa uvimbe kwenye ubongo, huku binti yao akiwa na miezi michache tu. Mwanaume wa miaka 27, mjane, ana mtoto mchanga mkononi na hana timu.

Tampa walijua walichopoteza mapema sana. Msimu wa kwanza bila yeye walishinda mechi 2 na kupoteza 14. Hawakuonja tena mtoano hadi mwaka 1997.

SIMU YA JOE GIBBS

Williams alikwenda kucheza USFL, ligi mpya iliyojaribu kupambana na NFL, akiwa na timu ya Outlaws. Ligi hiyo ikafa mwaka 1986 na yeye akabaki mtaani. Umri umesogea, magoti yamechoka, na NFL haikuwa na foleni ya watu wanaomtafuta.

Aliyepiga simu ni Joe Gibbs. Huyu alikuwa kocha wa safu ya ushambuliaji Tampa msimu wa kwanza wa Williams, na ndiye aliyetumwa Grambling kumchunguza kabla hajachaguliwa. Sasa alikuwa kocha mkuu wa Washington, timu iliyoitwa Redskins wakati huo na ambayo leo ni Commanders. Ofa yake haikuwa na sukari: njoo uwe msaidizi wa Jay Schroeder, kijana wa miaka 25. Williams akakubali. Msimu mzima wa 1986 alirusha pasi moja tu. Moja.

Msimu wa 1987 ulikuwa wa vurugu. Wachezaji wa NFL waligoma, timu zikalazimika kucheza mechi tatu na wachezaji wa kuokoteza. Washington ilishinda zote tatu. Wenyewe waliporudi, Gibbs alikuwa anahama kutoka Schroeder kwenda Williams na kurudi tena, kutegemea nani ameumia na nani ameboronga. Williams alianza mechi mbili za msimu wa kawaida na akapoteza zote. Lakini kila alipoingia kutokea benchi timu ilibadilika, na mechi ya mwisho dhidi ya Minnesota Vikings aliingia akaipindua meza, Washington ikashinda 27-24 katika muda wa nyongeza.

Hapo Gibbs akafanya uamuzi. Mtoano ni wa Williams.

Wakaenda Chicago kwenye baridi kali, wakatanguliwa 14-0, wakashinda 21-17. Wakawapokea Minnesota nyumbani na kushinda 17-10. Mechi hiyo Williams hakuwa mzuri hata kidogo, pasi 9 tu kati ya 26 ndizo zilizofika, lakini mbili kati ya hizo zilikuwa mabao. Kwa mara ya kwanza katika historia, kwotabeki mweusi alikuwa anaanza Super Bowl.

WIKI YA MASWALI

Wiki nzima kabla ya fainali hakuna aliyemuuliza kuhusu mabeki wa Denver Broncos. Maswali yalikuwa rangi, rangi, rangi. Hadi leo linasimuliwa swali kwamba mwandishi mmoja alimuuliza amekuwa kwotabeki mweusi kwa muda gani. Waliokuwepo wanabishana kuhusu maneno yenyewe yalivyotamkwa, lakini simulizi imedumu kwa sababu ilibeba hali ya wiki ile. Williams mwenyewe alikuwa na jibu lake la kudumu: amekuja pale kama kwotabeki wa Washington, basi.

Upande wa pili alikuwepo John Elway, kipenzi cha vyombo vya habari na mchezaji bora wa ligi msimu ule. Wengi waliipa Denver nafasi kubwa. Jumamosi, siku moja kabla, Williams alikaa saa kadhaa kwenye kiti cha daktari wa meno akisafishwa mzizi wa jino lililooza.

Mechi ikaanza kama walivyotabiri. Pasi ya kwanza kabisa ya Elway ilikuwa bao la yadi 56. Haikuchukua muda Denver wakaongeza mkwaju wa pointi 3. Ikawa 10-0, na hadi siku ile hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma kwa pointi 10 na kushinda Super Bowl. Kisha robo ya kwanza inaelekea ukingoni, Williams akateleza wakati anarudi nyuma kurusha, goti likapinda, akaanguka akigugumia. Schroeder akaingia. Kwa wale waliokuwa wanasubiri kusema "tuliwaambia," filamu ilikuwa imekamilika.

Robo ya pili Williams akarudi, anachechemea.

Mpira wa kwanza aliorusha baada ya kurudi ulikuwa wa yadi 80 kwa Ricky Sanders. Bao. Uliofuata wa bao ulikwenda kwa Gary Clark, yadi 27. Kisha chipukizi Timmy Smith akachanja mbuga yadi 58. Sanders tena, yadi 50. Clint Didier akafunga hesabu kwa yadi 8. Mabao matano, pointi 35, ndani ya robo moja ya dakika 15. Williams peke yake alikuwa amekamilisha pasi 9 kati ya 11, yadi 228 na mabao 4. Kuna makwotabeki wakubwa ambao namba hizo zingewatosha kwa mechi nzima.

Filimbi ya mwisho ikalia 42-10. Williams akamaliza na yadi 340 na tuzo ya Mchezaji Bora wa Mechi. Pointi 35 za robo moja bado ni rekodi ya Super Bowl.

NAMBA ZAKE NA UZITO WAKE

Hadithi ingependeza kama ingeishia hapo, lakini mchezo huu hauna huruma. Majeraha yalimrudia, mgongo ukafanyiwa upasuaji, na baada ya msimu wa 1989 Washington wakaachana naye. Hakucheza tena NFL. Jumla yake ni pasi 100 za mabao dhidi ya 93 zilizonaswa na wapinzani. Ukizisoma namba hizo bila jina, utaona mchezaji wa kawaida, na ndio maana milango ya ukumbi wa magwiji wa NFL pale Canton haijafunguka kwake kama mchezaji.

Lakini namba hizo hazisemi alipoanzia. Hazisemi alikabidhiwa timu iliyokuwa haijui kushinda, akalipwa kama msaidizi, akapoteza mke, ligi ikamfia mikononi, akakaa benchi mwaka mzima kwa pasi moja. Kuna wachezaji wanaopimwa kwa miaka 15 ya takwimu. Wapo wachache wanaopimwa kwa mlango waliouvunja.

Yeye mwenyewe hakukaa akisubiri kuitwa. Mwaka 1998 alirudi Grambling kumrithi mzee Robinson, akabeba ubingwa wa SWAC mara 3 mfululizo kuanzia 2000 hadi 2002. Pia alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ukumbi wa magwiji wa soka la vyuo vya Wamarekani Weusi, akishirikiana na Harris.

Mlango wenyewe ulifunguka polepole. Baada yake Steve McNair na Donovan McNabb walifika Super Bowl wakapoteza. Ilichukua miaka 26 hadi Russell Wilson aliposhinda mwaka 2014 na kuwa wa pili. Halafu akaja Patrick Mahomes, ambaye amebeba taji mara 3. Februari 2023 Mahomes wa Kansas City na Jalen Hurts wa Philadelphia waliweka historia ya makwotabeki wawili weusi kuanza Super Bowl moja, na Mahomes akashinda 38-35. Wakakutana tena Februari 2025, safari hii Hurts akalipa kisasi 40-22 na kuondoka na tuzo ileile aliyoibeba Williams.

Mara hiyo ya pili, gumzo la wiki ya fainali lilikuwa kama Kansas City itabeba taji la tatu mfululizo, na kama Hurts ataweza kuwazuia. Yalikuwa maswali ya mpira tu. Doug Williams aliyasubiri maswali hayo wiki nzima pale San Diego, hayakuja. Ikabidi ayajibu uwanjani, kwa goti moja, ndani ya dakika 15.